Maziwa Aliyoyakataa Eddo

Juzi mama alinitumia maziwa ya ngamia kwa basi la Garissa. Nilipofungua kidumu jikoni kwangu Nairobi, harufu ya moshi ilinijia hadi nikavuta kiti nikakaa. Asiyekulia kwetu atadhani maziwa yameungua, kumbe chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kukamua, ili maziwa yakae na yanukie. Harufu hiyo, ndugu msomaji, hunirudisha Habaswein, siku ambayo eddo yangu alituacha midomo wazi.

Eddo ndivyo tunavyomwita dada yake baba, na huyu wetu ni Zeinab. Alikuwa balozi katika nchi mbili kabla ya kufanywa waziri. Redio ikitaja kwamba amewapatanisha wakubwa fulani huko ng'ambo, baba aliongeza sauti mpaka jirani wa tatu akasikia, hata kama alikuwa hataki. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini kwamba waziri hakohoi wala haendi chooni.

Wiki aliyokuja, nyumba yetu ilikuwa nzito. Binamu yangu alikuwa amemuua mtu katika ugomvi wa zamu ya kisima. Wazee wa pande mbili walipendekeza tulipe ngamia, na juu ya ngamia tutoe msichana wa nyumba yetu aolewe kwao, ili damu zichanganyike na kisasi kiishe. Baba alitakiwa kutoa jibu baada ya swala ya alasiri. Hakuna aliyeniambia ni msichana gani, wala sikuuliza. Dada yangu Hodan, aliyekuwa darasa la nane, alikuwa na siku tatu akilia kwenye mtandio wake. Nilimhurumia sana, ingawa nakiri kwamba nilijiuliza pia nani atanisuka nywele.

Magari mawili yalipofika, mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kazi ya kufukiza dhiil, chombo chetu cha maziwa cha kusukwa kwa mizizi. Nilikuwa nimekifukiza kwa bidii hadi nikaungua kidole. Eddo aliketi mkekani kama mtu yeyote. Nikamletea maziwa kwa mikono miwili, nikingoja kusifiwa.

Aliweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Nyumba inayolipa damu kwa mtoto," alimwambia baba taratibu, "siwezi kunywa maziwa yake."

Mama alishika mdomo. Kwetu hata mtu mwenye kinyongo nawe hulowesha midomo akiletewa maziwa. Kuyakataa ni kutangaza kwamba wewe na nyumba hiyo hamna udugu tena. Na huyu alikuwa dada wa damu, mbele ya wageni. Nilipigwa na butwaa, kisha nikashikwa na hasira. Nilidhani amezoea glasi za ubalozini na anadharau chombo nilichokifukiza mimi.

Baba, kwa kutafuta pa kuficha uso, aliamuru dereva apewe. Dereva alikuwa mtu wa Meru mwenye adabu nyingi. Alionja, akakunja uso, akauliza kwa sauti ya chini kama maziwa yameungua.

"Habana," baba akamjibu, ulimi wake wa Kisomali ukiikataa "p". "Hiyo ni moshi tu. Kunywa."

Siku nyingine tungecheka hadi tulie. Siku ile hakuna aliyethubutu.

Eddo alikaa pale jua likipanda na kushuka, midomo ikimkauka. Hata maji aliyakataa. Baba alimbembeleza, akamfokea, akatoka, akarudi. Mwishowe alimwambia, "Walaal, dada yangu, unanivunjia heshima."

"Nimewangoja marais hadi wakatia saini," alisema eddo. "Wewe ni kaka yangu tu. Ongeza ngamia, mtoto hapana."

Baada ya alasiri baba alikwenda kwa wazee. Aliporudi alisema kwa mkato kwamba wamekubali ngamia tu. Kisha akachukua dhiil mwenyewe, akampa dada yake. Eddo aliyanywa yote bila kupumua, akauliza nani amefukiza chombo. Nikaonyesha kidole kilichoungua. Alikishika, akakipuliza, akanitazama muda mrefu huku machozi yakimtoka. Nilidhani ni moshi.

Nilipokua nilielewa alichokifanya, na mara nyingi nimemtania Hodan kwamba aliokolewa na maziwa yangu. Juzi, kidumu kikiwa mezani, nilimpigia simu huko Rhamu anakofundisha, nikamrudia utani ule ule. Safari hii hakucheka.

"Abaayo, dada yangu," alisema, "walitaka mdogo, wamlee wenyewe hadi akue. Jina walilotaja lilikuwa lako. Mimi nilikuwa nakulilia wewe."

Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshamimina kikombe, na kwamba nilikifunika kwa kiganja. Alama ya kuungua bado ipo kidoleni.