Wembe wa Baba Uko Kabatini, Ila Haujulikani ni Upi

Saa moja asubuhi, Uru juu kwenye migomba, na Wenseslaus Kiwia ananusa wembe. Ananusa wa kwanza, anafumba macho. Ananusa wa pili. Anarudia wa kwanza.

"Zote zinanuka mafuta ya cherehani," anasema, na kuzilaza kwenye taulo.

Wenseslaus, miaka 52, ni kinyozi. Kibandani kwake, kwenye barabara ya kushukia Moshi mjini, ananyoa kwa mashine, kichwa shilingi 1,500. Nyembe za kukunja, zile za zamani zinazolala ndani ya mipini yake, siku hizi haziendi kazini. Ziko nyumbani, tisa, kwenye kabati la kioo ukutani sebuleni, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na kalenda ya parokia. Yaani mgeni akiingia, anaziangalia mpaka mtori, supu yake ya ndizi, unapoa.

Mmoja kati ya hizo tisa ni wa marehemu baba yake, mzee Antoni, aliyenyoa watu wa Uru miaka arobaini. Shida ni kwamba haujulikani ni upi.

Na ni shida kweli, maana mzee aliacha neno. Kihamba, lile shamba la nyumbani, kilibaki kwa Wenseslaus, kitinda mimba. Wembe ulitakiwa uende kwa mtoto wa kwanza, Urbanus, anayeishi Mwanza. Miaka sita Urbanus hakuja kuuchukua. Mwezi uliopita akapiga simu: Krismasi anakuja, na anautaka wembe wake.

Zamani nyembe zilikaa chini ya kitanda kwenye kopo la biskuti, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na kuviringishiwa vitambaa. Wa baba ulijulikana hata gizani. Ulikuwa na kovu la kutu karibu na ncha, ukipitisha kidole unalisikia.

Halafu Wenseslaus akaona vitu vizuri hivyo haviwezi kukaa chini ya kitanda. Akamwita fundi, kabati likatengenezwa. Ukungu wa Uru ukaingia, kioo kikatoa jasho kwa ndani. Akatoboa matundu juu na chini hewa ipite. Misumari akaivisha mpira wa tairi la baiskeli ili chuma kisiguse chuma. Kila kitu alikiwaza.

"Sasa siku ya kutundika nikaona aibu, wageni waone kutu," anasema. "Nikachukua msasa laini na mafuta. Nikasugua siku mbili. Zikang'aa hizo! Ndipo nikakumbuka kovu."

Kovu halikuwepo tena. Na kwenye zile tisa kuna wembe mwingine wenye mpini mweusi na upana uleule, alioupata kwenye soko la mitumba la Kiboroloni.

"Niliununua kwa sababu unafanana na wa baba," anasema, anajikuna kichwa. "Sasa unafanana kweli."

Mke wake, Dominika, anacheka jikoni. "Na picha alipiga! Hamsini kwenye simu. Zote baada ya kusugua."

"Mama Hosea, niache."

"Nikuache niende wapi, meku, mzee wangu? Shemeji anakuja."

Picha zinakuzwa kwenye simu mpaka zinakuwa vumbi tupu. Hakuna kitu.

Leo limebaki jaribio moja. Mama yake, Bi Theodora, miaka 84, alinyolewa kichwa na mumewe tangu wakiwa wachumba, na kila mara alikuwa anasinzia. Mwenyewe anaapa: kwa wembe mwingine hapati usingizi.

"Shikamoo mama. Kaa hapa."

"Marahaba. Usinikate."

Wenseslaus ananoa kwenye mkanda wa ngozi, anapaka povu, anaanza upande wa kushoto na wembe wa kwanza. Dakika tatu tu, bibi anakoroma! Wenseslaus ananyanyua ngumi juu kama timu yake imefunga.

"Jaribu na wa pili," Dominika anasema.

Bibi anaamshwa, anapewa chai, anapigishwa stori mpaka macho yanamtoka. Upande wa kulia, wembe wa pili. Dakika tatu. Anakoroma tena, mdomo wazi.

"Mama! Mbona hata kwa huu umelala?"

"Si unaninyoa vizuri?"

"Sasa wa baba ni upi?"

"Mimi nilikuwa nafumba macho, Wense. Ningeuonea wapi?"

Dominika anamletea simu, namba ya Mwanza imeshapigwa. Wenseslaus anaishika kama kaa la moto, halafu anasema yote kwa pumzi moja: kabati, msasa, kovu.

Urbanus anapaza sauti. "Kinyozi mzima umepoteza wembe ulioutundika mwenyewe?"

"Haujapotea, kaka. Uko. Ila sijui ni upi."

"Basi mkesha wa Krismasi utaninyoa ndevu. Shavu moja huu, shavu moja huu. Nitachagua mwenyewe. Na usiziguse tena na msasa wako!"

Simu inakatwa. Kwa mara ya kwanza leo Wenseslaus anacheka. Anafuta nyembe, anazipaka mafuta, anazirudisha kwenye misumari yake. Anaziangalia tena. Anabadilisha, huu kule, ule huku. Anarudisha.

"Atakaouchagua ataondoka nao," anasema. "Utakaobaki utakaa hapahapa. Nitawaambia wageni ni wa baba. Na yeye kule Mwanza atawaambia wake hivyohivyo."

Anafunga kioo taratibu.