Picha ya Waridi na Koo la Mpwa Wangu

Ninalotaka kusimulia hapa hakuna atakayeliamini, na asiyeamini simlaumu. Mwenyewe nililiona kwa macho yangu haya haya nikatamani kuyakana. Najua wengine mtasema, "Huyu mjomba ameanza tena." Semeni. Naandika kwenye meza ya cherehani ya mpwa wangu, na mahali penyewe ni hapo nje ya dirisha.

Mpwa wangu huyo ni binti wa marehemu dada yangu, fundi wa nguo, mkono umetulia hata uzi hutungwa mara moja bila kulambwa. Mama yake alimwachia kibustani nyuma ya nyumba: mawaridi, alizeti, na maua fulani ya zambarau ambayo hata mimi, mjuzi wa mambo yote, jina lake silijui. Alikipenda kuliko mumewe (mkwe asinisikie). Kisha nyuki akamuuma shingoni. Uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, koo likabana, tukamkimbiza hospitali akikoroma. Alipozinduka, daktari akamwambia mbele yetu: "Dada, safari hii wamekuwahi. Akikuuma mwingine, siahidi kitu." Akampa sindano ya dharura: akiumwa tu, achomwe pajani, kisha mbio.

Tangu hapo dirisha la nyuma likafungwa. Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Tukiwa mezani akayatoa yote kwa mpigo: "Jumamosi nang'oa kila kitu. Namwaga zege."

"Hata maua ya mama?"

"Ya mama, ya nyanya, ya nani. Mimi nataka mke."

Hakubishana naye. Alinifuata mimi.

"Mjomba, si uliwahi kufanya kazi studio ya picha?"

Kumbe! Wapiga picha walikuwa wengi pale, lakini aliyepanga viti ni mimi, na pasipo kiti hakuna picha. Nikaitoa kamera yangu kabatini, nikaipuliza vumbi.

"Nifundishe kupiga maua," akasema, "kabla hayajaondoka."

Somo la kwanza alilifanyia dirishani, kioo kimefungwa. Tukapata picha nzuri sana ya kioo: alama za vidole, na paji la uso wake likielea juu ya waridi kama mzuka. Siku ya pili akasimama mlangoni. Waridi likatoka dogo kama kifungo cha shati.

"Sogea, mwanangu. Ua halipigwi kwa barua."

"Naogopa, Mjomba."

"Kwa mwoga huenda kicheko."

"Na kwa shujaa huenda kilio. Mbona umekata methali katikati?"

Nikajifanya nafuta lenzi.

Ijumaa tukatoka asubuhi na mapema, baridi haijaisha, tukidhani nyuki wamelala. Alijifunika kila mahali: mikono mirefu, soksi, kitambaa shingoni. Vidole tu vilibaki wazi, maana glavu zilimzuia kubonyeza. Sindano akanikabidhi mimi.

"Ukiona nimeumwa, usifikiri. Choma."

"Niachie mimi," nikasema, mimi ambaye mtoto wa jirani akichanjwa hutafuta pa kukaa. Mfukoni ikawa nzito kama nyundo.

Akapiga magoti. Nikamwelekeza: viwiko vibane mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza. Mikono ile iliyozoea cherehani ilitetemeka hadi lenzi ikawa inaligonga ua. Picha ikatoka ukungu. Nyingine ukungu. Halafu moja ikaukamata ukingo wa waridi, mshipa kwa mshipa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Hapo nikaona niongeze ufundi wa studio. Matone ya maji hupendeza juu ya ua, ila huteleza. Ukitia sukari, hung'ang'ania. Nilikuwa nimeshakoroga kikombe jikoni. Nikanyunyiza. Lo, yakang'aa kama shanga! Mengine yakamrukia mikononi.

"Mjomba, umetia nini? Vidole vinanata."

"Sukari kidogo. Siri ya wakubwa hiyo."

Aligeuza shingo polepole. Yale macho sitayasahau. "Sukari? Kwenye maua?"

Kabla sijajibu, tukamsikia nyuki. Jua lilikuwa limeshapanda ukutani. Akaja mmoja, akatua kwenye waridi, akanyonya tone. Akatembea hadi ukingoni, akavuka kwenye kamera, na kutoka kwenye kamera akapanda kidole cha mpwa wangu, kile kile cha kubonyezea.

Mpwa wangu akaganda. Nililiona koo lake likimeza mate mara moja chini ya kitambaa. Mlango wa jikoni ukafunguka, mumewe huyo, akaona, akavua kandambili.

"Usimpige," mkewe akanong'ona, midomo haifunguki. "Ukimpiga ataniuma."

"Mjomba, sindano!" mkwe akasema, kandambili bado mkononi.

Nikaingiza mkono mfukoni, mkono ukanigomea. Nyuki alikuwa akilamba kidole taratibu, mkia unapanda, unashuka, unaigusa ngozi. Jasho likamtiririka mpwa wangu hadi kwenye kope. Hakupepesa.

Basi, wasomaji wangu, hapo ndipo mwanamume alipojulikana! Kumbe nyuki hakuwa mmoja. Lilikuwa wingu zima, limeziba jua, na mkubwa wao alikuwa kama shomoro. Nikaruka juu ya mawaridi kama chui, nikamkamata yule wa kidoleni kwa mabawa, nikamwambia, "Wewe, huyu ni mtoto wa da—"

"Mjomba!"

Ni mpwa wangu, amesimama nyuma ya kiti changu, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Shomoro? Mjomba, shomoro? Alikuwa mmoja. Alishiba, akaruka mwenyewe, nami nikabonyeza. Wewe ulikuwa umejifungia bafuni, na sindano umeondoka nayo! Mume wangu alifungua kitasa kwa bisibisi. Maua yenyewe yameshang'olewa, picha ndiyo imebaki. Sasa futa hapo, uandike bafuni."