Kichwa Changu na Dirisha la Mama Makena

Nimejaribu kuisahau siku hii nikashindwa, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa boda boda wa Makutano, ambao wameitia chumvi mpaka wanasema nililia. (Sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya mafuta.)

Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi tu, na Madam Gatwiri, mwenye ofisi ndogo ya kukagua hatari za moto kwenye maduka na nyumba za kupangisha, alikuwa amenichukua kwa majaribio. Siku hiyo alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza. "Muthomi," alikuwa ameniambia jioni iliyotangulia, "ukinirudishia ripoti nyingine ya kubahatisha, tutaachana kwa amani." Sasa mimi ni mtu ambaye hata nikiulizwa saa huanza kujiuliza kama saa yangu iko sawa, kwa hivyo sikulala.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja. Chini kina mama hufunga miraa inayoletwa kutoka Laare, juu ni vyumba vya wapangaji, na ngazi ni moja tu. Nikamweleza mwenye nyumba, Mama Makena, kwamba moto ukishika ngazi watu wa juu watabaki na dirisha la korido pekee, nalo lina vyuma.

"Vyuma niliweka baada ya kuibiwa," akasema. "Na hapo mtu mwembamba anapita, kijana. Usinitishe."

Fomu iliuliza kama mtu mzima anaweza kutokea hapo, ndiyo au hapana. Mtu mwingine angepima nafasi, aandike, aende zake. Mimi nikaanza: mtu mzima yupi, mnene au mwembamba kama mimi, na nikiandika hapana halafu Madam aje aone ni ndiyo, si huko ndiko kubahatisha? Nikangoja Mama Makena ashuke, nikavua kofia ya kazi, nikaingiza kichwa kati ya vyuma viwili.

Kiliingia. (Hilo ndilo huniuma, kiliingia bila shida yoyote.) Mabega yakagoma kupita, na nilipotaka kurudi, masikio nayo yakakataa.

Mwanaboda mmoja akainua macho kutoka barabarani. "Wee! Unaiba ama unatoroka?"

"Nakagua usalama wa moto!" nikajibu kwa sauti ya ofisi.

"Usalama wa nani?"

"Wenu!"

"Anza na wako, boss!"

Wakaangua kicheko, simu zikatolewa, na mimi kichwa kiko nje kama cha mbuzi kwenye lori. Mama Makena akapanda mbio. "Ngai, Mungu wangu! Na nilidhani huyu amesoma." Mpangaji mmoja, Mama Kinya, akanipaka mafuta ya kupikia masikioni kama anayepaka chapati, akanishika kiuno akavuta, wapi. Ikabidi aitwe fundi wa kuchomelea, akaja na mashine yake ya kukata vyuma.

Hapo ndipo nilipoangalia chini. Kando ya ukuta kule nje, moja kwa moja chini ya kidevu changu, kulikuwa na magunia na rundo la kamba za migomba zilizokauka, zile za kufungia miraa.

"Ngoja! Usiwashe!"

"Unaogopa?" fundi akauliza.

"Naogopa sana, lakini si hiyo. Cheche zitaanguka kwa zile kamba! Ziondolewe kwanza, mmwage maji, na mniwekee gunia bichi kichwani."

Sijui walinitiiaje na hali niliyokuwa nayo, lakini kina mama walibeba kila kitu wakamwaga ndoo kwa ndoo. Fundi akakata. Cheche zikamiminika pale pale rundo lilipokuwa, zikazimikia majini.

Nilipotoka, Mama Makena alikuwa anaangalia dirisha. "Na wewe ni mwembamba," akasema polepole. Kisha akamgeukia Mama Kinya na watoto wake wawili waliokuwa mlangoni pao, akatoa simu, akampigia Madam. Nikajua kazi imekwisha.

"Gatwiri, kijana wako ameniharibia dirisha." Akanitazama. "Fundi yuko hapa. Nataka liwe la kufunguliwa kutoka ndani, uniambie kipimo. Na ile nyumba yangu ya Laare umtume huyu huyu, lakini aje na mtu wa kumshika."

Bado nina kazi. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Kinya aliyenivuta kama mtoto wake, nawashukuru wale kina mama ambao wangeweza kuendelea kucheka wakachagua kubeba maji. Lakini nimeapa: swali lolote linalohusu dirisha, sasa nitalijibu nikiwa nimesimama mbali nalo, mikono mfukoni.