Ng'ombe Wanne na Gari la Mbio

Jana lori la shule lililopeleka timu yetu kwenye mechi Susuni liliniacha, na mimi ndiye golikipa. Baba mdogo akanihurumia, akanipakia kwenye kigari chake chekundu chenye mbio, kinachofyonza petroli kama ndama mwenye njaa.

"Petroli ni ya mgao," akaonya. "Tukienda taratibu tu, itatufikisha Susuni."

Tukaenda kama tunasindikiza jeneza. Kilimani tukalikuta lori, wenzangu wakazomea, "Hiyo ndiyo mbio? Shukeni msukume!"

Mimi, nisiyethubutu hata kunyoosha mkono darasani, nikasema, "Baba mdogo, kanyaga kidogo tu."

Akakanyaga. Tukawapita, nikiwapungia mkono kama mkuu wa mkoa. Tukakata njia ya mkato, na huko petroli ikaisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akilima akatufungia ng'ombe wake wanne mbele ya gari, watuvute.

"Shikamoo mzee, tumekusumbua," baba mdogo akasema.

"Marahaba. Hawa wangu wanakula nyasi tu."

Tulipoingia uwanjani nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, nimejifunika shuka kwa aibu. Timu nzima ilikuwa ikingoja.

"Golikipa wetu yuko wapi?" mwalimu akauliza.

Baba mdogo akavuta shuka. "Huyu hapa, mwalimu. Ndiye aliyeniambia nikanyage."