Honi ya Kumshusha Baba Dunguni

Mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Nyangamara. "Mwambie baba yako ashuke dunguni. Mimi kanishinda." Kila msimu wa mahindi baba hulala kwenye dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na kifua chake kilikuwa kimechoshwa na umande. Maneno hayamshushi, namjua. Mimi ni fundi wa elektroniki Lindi mjini, kwa hiyo nikaona dawa yake ni honi ya gari. Waya mwembamba uzunguke shamba, nguruwe akiukata chipu, yaani kijikompyuta kidogo, ijue, honi ilie, na baba awe ndani amejifunika blanketi.

Kibandani kwangu nilijaribu kwanza na taa ndogo. Nilipokata waya, ikawaka palepale. Nikaitoa taa, nikaunga honi. Kimya! Chipu ikapata moto hadi nikapuliza kidole. Nilijikasirikia, maana nalijua hili vizuri: mguu wa chipu unatoa umeme kiduchu, na honi inakunywa umeme kama haina adabu.

Nikaweka transista katikati, swichi ndogo inayofunguliwa kwa umeme, chipu itoe amri tu na transista ibebe mzigo. Lakini nikaibania umeme wa kuifungulia, ikafunguka nusu, ikaungua ikanuka kibanda kizima. Nikafunga nyingine kubwa zaidi na kuifungulia vizuri, nikabeba mzigo wangu hadi kijijini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, tuisikie."

Nikakata waya. Honi ikasema "pe", ikanyamaza. "Pe", ikanyamaza. Kila ilipovuta umeme, betri ilizidiwa, chipu ikazimika na kuanza upya. Baba alicheka mpaka akashika kifua.

"Mbona na yenyewe inakohoa? Ipandishe dunguni tukae wote."

Mimi sikucheka. Jua lilikuwa limenichoma, nina njaa, na mtu ninayemhangaikia ananifanyia mzaha! Nikavifumua vyote. Honi nikaipa nyaya zake nene kutoka kwenye betri moja kwa moja. Chipu nikaiwekea kapasita ya kuitunzia umeme wake kidogo, na dayodi ili honi isiunyonye. Nilipokata waya safari hii, kuku walirukia paani na mama akapiga kigelegele. Hata baba alikubali kwamba nguruwe kiziwi angekimbia. Nikarudi mjini moyo mweupe.

Baada ya siku chache nikampigia mama kumuuliza kama baba sasa analala vizuri.

"Yuko dunguni," akasema.

"Jamani! Nguruwe wamerudi?"

"Hata mmoja hajaonekana."

"Sasa anafanya nini huko juu, mama? Nimeungua vidole kwa ajili yake!"

Mama akavuta pumzi. "Analinda honi. Anasema kitu alichokitengeneza mwanawe hakiwezi kulala porini peke yake."