Senti Kumi za Mfalme Mpita Njia

Enzi zetu sisi, wafalme wa Uingereza tuliwachezea mchangani. Tuliwarusha, tuliwazika, tuliwasugua kwa ukwaju na majivu mpaka pua zao zikaisha, na hakuna aliyetugombeza. Nchi ilikuwa imeshapata uhuru, serikali imeshatoa hela yake, na zile za mkoloni zilikuwa zimekufa. Ukienda nazo dukani, mwenye duka anakutazama kama umemletea kokoto. Basi zikabaki zetu, watoto wa Kivinje.

Wa rika langu mtazikumbuka. Shilingi ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Thumuni ilikuwa hivyo hivyo, ila ndogo. Halafu senti tano na senti kumi, zile nyekundu zenye tundu katikati, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Hizo hazikuwa na sura ya mtu. Pale ambapo ungetegemea uso pana tundu, juu yake taji, na jina la mfalme limeandikwa pembeni.

Tulizitafuta baada ya mvua, kwenye mifereji ya maji. Tuliziomba kwa mabibi waliokuwa wamezifungia kwenye pindo za kanga kuukuu. Na tuliziiba kwenye mapaa, maana mafundi wa Kivinje walikuwa wajanja: wakipiga bati, chini ya kichwa cha msumari wanaweka senti tano badala ya washa, kile kibati cha duara cha kuzuia maji. Sisi tunapanda na koleo, tunang'oa. Siku mvua iliponyesha, jiko la shangazi likavuja, maji yakaingia kwenye chungu cha samaki. Weee! Mama alituchapa kwa zamu na fimbo ya mkwaju, mimi na kaka yangu, huku anasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!" Tulilala kifudifudi.

Kaka yangu ni Bakari. Tumbo moja, ziwa moja. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu wetu. Ukiokota hela humwonyeshi mwingine kabla yake. Anaidondosha kwenye sakafu ya baraza, anategesha sikio. "Hii ina fedha ndani, sikilizeni inavyolia." Akichukua nyingine, "Hii ya juzi juzi, inakohoa tu." Anaipitisha kucha ukingoni, anatafuta kijiherufi kidogo chini ya mwaka, kisha anatoa hukumu: hii ni adimu, ina thamani ya kumi za tundu. Na hukumu yake haikukatiwa rufaa. Watoto walikuja hadi kutoka Masoko.

Mimi Zuhura nilikuwa mbishi. Mwalimu wetu wa historia alitusimulia habari za mfalme mmoja wa Waingereza aliyependa mwanamke, akaambiwa achague, naye akaacha kiti hata mwaka haujaisha. Tukambatiza Mfalme Mpita Njia. Nikakimbia nyumbani kutafuta kwenye kopo langu, na kweli, nilikuta senti kumi yenye jina lake. Nikaruka. Nikamwambia Bakari kwamba mimi sasa ni tajiri, kwa sababu mtu aliyetawala miezi tu lazima hela yake iwe adimu.

Bakari alicheka mpaka akashika mbavu. "Alitawala kidogo, lakini hela zake zimejaa tele. Panda juu ya bati lolote uone." Akamwaga kopo lake, zikatoka za Mpita Njia chungu nzima. "Kitu ambacho kila mtu anacho si mali, Zuhura. Utaipata bure, na bure ndiyo bei yake." Maneno hayo ni ya mtoto aliyekuwa bado anavaa kaptula iliyotoboka matakoni. Yaliniingia, sijayasahau.

Likizo za mwisho wa mwaka tulikwenda Kiranjeranje, kwenye shamba la mama. Babu, baba yake mama, alimwachia yeye mikorosho ile, na mama aliipenda kuliko dhahabu. Tulikula mabibo hadi midomo ikawasha na nguo zikaharibika kwa madoa. Jioni tunachoma korosho kwenye bati lililotobolewa, moshi unakaba, mama anabangua, sisi tunapora. Baba alifariki mapema, Mungu amrehemu. Kila sare tuliyovaa shuleni, kila daftari, kila sahani ya wali wa Idi, ilitoka kwenye mikorosho ile.

Sasa nije kwa hawa wa leo. Vijana wa leo, babu zangu weee! Hawajui hela ya mkoloni ina simba au ina ng'ombe, lakini kila mmoja ni dalali. Unapita zako sokoni, anakusimamisha kijana ana suruali iliyombana kama mkia wa mjusi: "Shikamoo bi mkubwa. Huna zile hela za Mwingereza? Kuna dili." Marahaba, mwanangu, dili la nini? Atakuonyesha simu. Sarafu imewekwa mezani, punje za mchele zinaifuata zenyewe. Inayovuta mchele, anasema, ni mamilioni. Sisi tuliozichezea miaka yote, hakuna hata moja iliyowahi kuvuta hata ukoko.

Lakini nitawacheka vijana vipi, wakati aliyenasa ni mzee mwenzangu? Mtoto wa jirani alimwonyesha Bakari kwamba huko Uingereza sarafu ya mfalme yule yule, Mpita Njia, imenunuliwa kwa fedha ya kujenga mtaa. Bakari akasoma jina. Akaenda kufukua kopo lake la utotoni, akalinganisha herufi kwa herufi. Jina lile lile! Nilimwambia, kaka, hiyo ya kwenye simu ni pauni ya dhahabu yenye uso wake, zilipigwa chache tu. Hii yako ina tundu, na zipo hadi kwenye mapaa. Si wewe uliyenifundisha? Akaniangalia kwa huruma. "Zamani tulikuwa watoto, hatukujua thamani."

Nilichukua moja nikaenda nayo Dar es Salaam kwa muuza vitu vya kale, ili nimnyamazishe. Yule mzee wala hakuipokea. Alinisogezea sinia limejaa za namna hiyo, za Mpita Njia tupu, akasema, "Mama, kawape wajukuu wachezee." Bei aliyonitajia haifiki soda. Nikarudi nikamweleza Bakari. Akasema nimetumwa na mahasidi.

Aliyemwamini ni sauti ya kwenye simu, mtu anayejiita mtaalamu, ambaye hatujamwona uso mpaka leo. Kwanza alitaka hela ya kipimo. Kisha ya kibali. Kisha ya tiketi ya mzungu mnunuzi. Bakari akauza baiskeli, akauza mbuzi. Vilipokwisha alimwendea mama na makaratasi na wino, akamwambia ni mambo ya salfa ya kupulizia mikorosho. Mama hajui kusoma. Akambusu mwanawe, akaweka dole gumba. Shamba la Kiranjeranje likauzwa, hela ikatumwa. Mtaalamu akazima simu.

Nina uchungu, sitaficha. Nikikaa peke yangu namtukana Bakari matusi ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua. Enzi zetu mtoto mwenye kaptula mbovu aliweza kuidondosha sarafu sakafuni, akasikiliza, akakwambia ukweli. Leo watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wanaamini kioo kuliko mikono yao. Enzi zetu tulikuwa na hela iliyokufa na hatukumwibia mtu ila mapaa. Leo hela hiyo hiyo imefufuka, na imemla mama yetu akiwa hai.

Mama hajui. Miguu imekwisha, haendi shamba, na macho yana ukungu. Tukimwambia tutamzika. Kwa hiyo kila msimu nanunua korosho za watu, nazichoma uani ili asikie harufu, nampelekea kwenye kikapu chake.

Msimu huu nilimpelekea kama kawaida. Bakari alikuwepo, amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Mama akachukua moja, akaipapasa, akaitafuna polepole kwa yale meno yaliyobaki.

"Za shambani kwangu hizi?"

"Za kwako, mama."

"Alhamdulillahi. Shamba linatunzwa." Akajaza kiganja, akakinyoosha upande ule alikomsikia mwanawe akipumua. "Mpe na kaka yako. Yeye ndiye anayehangaika nalo."

Bakari akapokea kwa mikono miwili, akazila.