Kanga yangu bado iko kwenu Matema, Atu

Akili yangu imegoma kabisa. Simu ilipoingia Alhamisi asubuhi nilimwambia kaka yake Atu, "Umekosea namba, kaka." Akasema, "Dada, ni Atu wetu. Amelala, hajaamka."

Jumatano jioni tulifunga ofisi pamoja. Alinipungia mkono yuko juu ya bodaboda anaenda kwake Mbugani. Hakuwa anaumwa. Hakuwa hata na mafua. Naandika hapa kwa sababu kuongea nimeshindwa.

Kwa msiomjua: Atupele tulikuwa naye kwenye ofisi ya kununua kakao hapa Kyela mjini, meza yake inatazamana na yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nililetwa huku na transfer, simjui mtu hata mmoja.

Siku yangu ya kwanza kazini aliingia, akaniangalia, akasema, "Ugonile?" Nilikuwa nimeshaokota neno moja la Kinyakyusa kwenye basi, kwamba kugona ni kulala. Nikajitetea haraka: "Hapana dada, sijalala, nasoma ripoti."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Ni salamu hiyo, mtu wa pwani. Unaitikia ndaga." Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza ugonile, namjibu sijalala, nasoma ripoti. Ofisi nzima ilishatuchoka.

Wikiendi ya kwanza akanibeba mpaka Matema kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka ziwani. Niliingia majini nimefumba macho na mdomo, mazoea ya bahari. Atu akaniambia, "Fumbua, huku hakuna chumvi."

Mama yake hakuwahi kuniuliza dini yangu. Ila niligundua kwamba kuku wa Jumapili hachinjwi mpaka aitwe mzee mmoja Muislamu mwenye duka. Kanisa limeshatoka, njaa inauma, na kuku bado anatembea uani kwa ajili yangu.

Tukishakula, wali na kuku, siku nyingine mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, tunatandika mkeka kwenye kivuli cha nyumba. Mama anasinzia. Atu ananisuka, ananivuta nywele makusudi. Mvua ikija tunahamia barazani, ikikatika tunarudi. Hatufanyi kitu chochote cha maana, na hicho ndicho nilichokuwa nakifuata kila wiki.

Sheria ilikuwa moja tu. Ukitaja kazi siku ya Jumapili, unaingia ziwani na nguo zako. Hata deadline iwe ya Jumatatu asubuhi.

Jumapili iliyopita nikajisahau. Nikasema, "Atu, hivi kesho mitingi ni saa ngapi?" Akasimama, akanishika mkono. Mama akasema bila kufumbua macho, "Mwache kwanza aweke simu chini."

Nilitoka majini nimelowa mpaka kichwani. Jioni nikataka kuikamua kanga yangu niitie kwenye mfuko niondoke nayo. Atu akaninyang'anya, akaianika. "Acha hapo kambani. Si unarudi Jumapili?"

Jumapili ndiyo kesho. Na kesho tunamzika, hapo hapo Matema.

Niseme ukweli, tangu Alhamisi kuna kitu kinanitisha zaidi ya jeneza. Pale kwao nilipelekwa na yeye. Bila yeye mimi ni nani? Nitashuka na gari la ofisi, nitakaa chini ya turubai na wageni wengine, nitatoa pole, nitaaga, basi. Niliona nimempoteza rafiki na nyumba kwa simu moja.

Jana Mama akanipigia. Mfiwa ndiye aliyenipigia mimi. Sauti imemkauka. "Ugonile, mwanangu."

Ndaga haikutoka. Nililia tu.

Akaniacha nilie, halafu akasema taratibu: "Kanga yako nimeianua. Usije na nyingine. Utajifunga hii hii, ukae ndani na mimi."

Mnaojua misiba ya kwetu mnajua nani hukaa ndani na mama.

Kwa hiyo kesho nakuja nyumbani, Atu. Nitakaa na Mama kwenye mkeka wetu. Na kuku wa Jumapili nyingine, Mama akitaka, bado nitamla.

Bado nasikia kama Jumatatu utaingia pale mlangoni. Meza yako nimeshindwa kuitazama, na ipo mbele ya macho yangu.

Safari hii acha nikuamkie mimi kwanza.

Ugonile, Atu?

Usijitetee, mdogo wangu. Ripoti nitasoma mimi. Wewe lala.